Nchi Yenye Nafasi ya Mshono

Jumamosi ya pili ya Februari, saa tatu asubuhi, Agnès alikuwa akikata sketi za shule katika gereji aliyopanga Troyeville, mtaa wa Johannesburg. Meza yake ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Upande wa kushoto kulikuwa na kitambaa cha kijivu. Upande wa kulia binti yake Sagesse, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ametandaza karatasi ya kaki, ile ya kuchorea pateni, na alikuwa akichora juu yake mpaka wa kusini wa nchi ya Luzeni.

Luzeni ilikuwa nchi ya Sagesse. Alianza kuitunga akiwa na miaka kumi, likizo moja ya baridi, kwa sababu televisheni ilikuwa imeharibika. Sasa ilikuwa na madaftari kumi na mawili, ratiba ya treni, orodha ya mawaziri, magonjwa ya mbuzi na sheria za foleni. Shuleni alizungumza Kiingereza na Kizulu, lakini Luzeni aliiandika kwa Kiswahili. Neno alilolikosa alimwuliza mama yake, aliyetoka Bukavu, na alilolikosa mama yake alimwuliza Simiyu, Mkenya wa Kitale aliyefanya kazi benki. Kwa hiyo Kiswahili cha Luzeni kilikuwa na miguu ya Bukavu, kichwa cha Kitale, na "eish" ya Johannesburg katikati.

Historia ya nchi hiyo ilianza na surua. Mwaka 1885, mabwana walipokaa Berlin kugawana bara, karani aliyebeba karatasi moja ya ramani aliugua surua, akafungiwa hospitali pamoja na mkoba wake. Karatasi haikufika mezani. Kila bwana alidhani sehemu ile imechukuliwa na mwenzake, na hakuna aliyetaka kuuliza na kuonekana mjinga. Ndani ya tundu hilo Luzeni ilibaki, nyembamba na ndefu, ikafuata reli yake yenyewe kutoka maziwani hadi Johannesburg. Ramani nzima ilikuwa karatasi sitini za kaki. Hii ilikuwa ya mwisho. Sentimita moja ilikuwa nusu kilomita, na mpaka ulipita kwenye uzio wa gereji ya matairi, mtaa wa pili kutoka kwao. Sagesse alitaka iishie karibu ili aweze kwenda kwa miguu.

Agnès aliitazama kazi ya bintiye, mkasi mkononi.

"Umeacha wapi ya kushonea?"

"Mama, hii ni nchi. Siyo sketi."

"Kitu yoyote yenye kukatwa inaachiwa nafasi. Ukikata juu ya mustari yenyewe, siku ya kushona inapunguka. Batu benye kuwa pembeni banaenda wapi? Mu sindano?"

"Eish, Mama."

"Usiniambie eish. Leta chaki."

Agnès alikuwa fundi kwa miaka ishirini na mitano, na mkono wake haukujua kuacha mstari wowote bila nafasi ya mshono. Alizungusha sentimita moja na nusu nje ya mpaka wa Luzeni, bila kupima, kama anavyofanya kwenye ubavu wa gauni. Sagesse aliona hiyo kuwa kosa, lakini chaki ya mama yake ilikuwa ya nta na haikufutika. Ilimbidi atunge sheria ya kuielezea. Aliandika katika daftari la kumi na mbili: *Mtu anayeishi kwenye nafasi ya mshono ni wa pande zote mbili, kwa sababu ndipo pande mbili zinaposhikana.*

Alasiri alipanda basi kwenda Braamfontein, ambako kundi la watunga-dunia, watu wenye nchi na bahari za kubuni, lilikutana kila Jumamosi katika chumba cha juu ya duka la fotokopi. Simiyu ndiye aliyeliongoza. Dunia yake ilikuwa na bahari inayofika Kitale, pamoja na ratiba ya maji kupwa na kujaa ya miaka kumi na mmoja, na tayari alikuwa amepewa onyo mara mbili kazini kwa kuacha chumvi kwenye zulia. Kundi lilikuwa na kanuni tatu. Historia inaruhusiwa badiliko moja tu, tena dogo. Lazima ijulikane takataka zinakwenda wapi. Na nchi isiyo na foleni haijafikiriwa vizuri.

"Foleni ninazo, Anko Simiyu," Sagesse alisema. "Lakini mtu akija mara tatu kwa jambo lilelile, mara ya nne anapewa kiti na afisa anasimama."

Simiyu alicheka hadi akavua miwani. "Wewe msichana utapindua serikali."

"Ni sheria tu."

Hakusema aliitoa wapi. Simiyu alijua. Watu wote wa chumba kile walijua. Sagesse alizaliwa Hillbrow, umbali wa dakika ishirini kutoka hapo kwa miguu, na hakuwa na namba ya kitambulisho. Mama yake alikuwa na kibali cha mwomba hifadhi ambacho kilihuishwa kila miezi sita, kwa miaka kumi na minane. Sagesse alikuwa na karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa kalamu. Mwaka huu alikuwa kidato cha mwisho, na shule ilikuwa imesema kwamba bila namba hatasajiliwa kufanya mtihani. Usajili ulifungwa tarehe ishirini na nane Machi.

Walikuwa wamekwenda ofisi ya vibali mara mbili. Mara zote mbili, kwenye dirisha la nne, afisa aliuliza kwa Kiingereza, "Nchi yake?"

"Amezaliwa hapa," Agnès alijibu.

"Hapa si nchi yake."

"Basi ni wapi?"

"Hilo ndilo tunalowauliza nyinyi. Kisanduku kikiwa kitupu, kompyuta haisongi."

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na jiwe jeupe kando ya uzio wa gereji ya matairi. Lilifika magotini na lilikuwa limechongwa herufi L. Jingine lilikuwa mita mia saba na hamsini upande wa huku, kupita nyumba ya Agnès na spaza, kiduka cha kona, karibu na robot, taa za barabarani. Mbwa walilikojolea. Jumatano watu wa barabara walikuja wakalizungushia rangi ya njano ili magari yasiegeshwe hapo. Mwenye matairi alilalamika kidogo, kisha akaanza kuliegemezea mabango yake.

Siku chache baadaye, saa saba mchana, mwanamke aliyevaa koti la kijani la sare aliingia gerejini. Alijitambulisha kuwa Fauzia, karani wa usajili, Kusini ya Luzeni. Alikuwa na daftari kubwa kwapani.

"Mumetuongezea watu, mama," alisema. "Ile sentimita moja na nusu yenu. Nimetumwa niwaandike. Na hii mkono inanibana, eish, sijui nani alikata hii koti."

Agnès alimpima mabega kwa futi. "Aliyeikata hakuacha nafasi," alisema. "Vua."

Akafumua kwapa la koti huku Fauzia akiandika. Aliuliza majina, mwaka wa kuzaliwa, mtoto alizaliwa saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha au la. Katika miaka kumi na minane hakuna afisa aliyewahi kumwuliza Agnès kama mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa inanyesha. Fauzia akaandika.

Sagesse alirudi kutoka shule na kumkuta karani wake kwenye kigoda, kwa blauzi, akinywa chai. Alimtazama usoni.

"Sikukuandikia miwani," alisema.

"Nilinunua," Fauzia alijibu. "Miandiko yako ya mwanzo ni midogo sana."

Alichana cheti cha kuzaliwa kutoka kwenye daftari lake, akakigonga muhuri na kukipuliza wino. *Sagesse, binti ya Agnès, amezaliwa Hillbrow, mvua ikinyesha, mkaaji wa nafasi ya mshono, wa pande zote mbili.* Kisha akavaa koti lake, akainua mikono juu na kuishusha mara tatu, akaridhika, akaondoka kwenda kuwaandika watu wa spaza.

Alhamisi ya pili ya Machi Agnès na Sagesse walikwenda ofisini kwa mara ya tatu. Ilikuwa kilomita mbili na nusu, na walitembea. Mlangoni alikuwapo Ruphin, mlinzi kutoka Kalemie, ambaye suruali yake ya kazi ilishonwa na Agnès.

"Ma Agnès, bado tu?"

"Bado."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko na nchi sasa."

"Ah, félicitations, hongera," Ruphin alisema, akawafungulia kamba.

Kwenye dirisha la nne afisa alikisoma cheti mbele na nyuma. Akaandika herufi mbili kwenye kompyuta, akashusha orodha kwa kidole. Luzeni ilikuwapo, chini ya Luxembourg na juu ya Madagascar.

"Mbona hamkusema mapema?" aliuliza. Hakuwa mkali. Alionekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Alijaza kisanduku, na kompyuta ikasonga kwa mara ya kwanza. Ilisonga ukurasa baada ya ukurasa. Alisoma kwenye kioo: Luzeni haina vita. Treni zake zinafika kwa wakati. Mbuzi wake wamechanjwa. Mashine nyuma yake ikatoa karatasi moja, na akaipitisha chini ya kioo.

Sagesse aliisoma. Alipewa siku kumi na nne kurejea nchini kwake.

"Nilikuja kuchukua namba," alisema.

"Namba ni ya wasio na mahali pa kwenda au ya wa hapa. Wewe una mahali."

"Nchi hiyo niliitunga mimi. Kwa kalamu ya risasi."

"Basi unaijua vizuri. Hutapata shida kuizoea."

"Soma hapo chini. Wa pande zote mbili."

Afisa alisoma hapo chini. "Hiyo ni sheria ya upande wenu," alisema. "Upande wetu hatujaacha nafasi. Saini hapa."

"Sisaini."

"Ukikataa naandika kwamba umekataa."

"Andika. Andika na jina langu lote, na uandike vizuri, lina herufi *s* mbili katikati."

Ruphin aliambiwa amtoe nje. Alimtoa polepole sana, akimpitisha njia ndefu, kupita vyoo, ili foleni yote imwone akitembea kichwa juu.

Jumamosi Sagesse aliibeba karatasi ya sitini hadi Braamfontein, na mama yake akaenda naye, kwa mara ya kwanza, mkoba wa ushonaji begani. Simiyu aliisoma amri ya siku kumi na nne akiwa amesimama. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Wameitumia nchi yako kukufukuza," alisema.

"Kwa hiyo naifuta." Sagesse alikuwa ameshatoa kifutio. "Kisanduku kikiwa kitupu siwezi kupelekwa popote. Nitarudi kuwa sina kitu. Ilikuwa afadhali."

Alianza na kituo cha mwisho cha treni. Kilikuwa cha kalamu ya risasi, kikatoka kirahisi. Kisha ghala la posta. Alipofika kwenye ofisi ya usajili, ambayo ilikuwa kijumba cha ukubwa wa punje ya mchele, mkono wa mama yake uliushika wake.

"Yule dada wa koti anakaa pale?"

"Ndiyo."

"Na koti nilimufungulia juzi tu."

Sagesse alipuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi.

"Apana," Agnès alisema. "Hatufuti batu. Sisi benyewe tumefutwa ya kutosha, tunajua vile inauma. Rudisha kile kituo. Batashuka wapi?"

Sagesse alikichora tena kituo. Machozi yake mawili yaliangukia kwenye reli, na tangu siku hiyo kipande hicho cha Luzeni kina madimbwi mawili ya chumvi, ambayo Simiyu aliyaomba kwa ajili ya bahari yake na akanyimwa.

Agnès alikuwa ameshafungua mkoba. Alitoa futi, chaki ya nta na sketi moja ya kijivu, ya Sagesse mwenyewe, akaigeuza ndani nje.

"Angalia hii upindo. Vidole vitatu na zaidi. Sentimita sita. Kwa nini?"

"Kwa sababu ninakua."

"Sketi ya mutu muzima, nafasi moja na nusu inatosha. Ya mutoto anayekua unaacha sita. Mimi nilikosea. Nilipima nchi yako kama ya mutu muzima."

"Mama Sagesse," Simiyu aliingilia kwa heshima, "samahani, lakini kanuni ya kundi ni badiliko moja tu. Surua ilishatumika."

"Simiyu, mwanangu. Nguo ikibana, weye unakata mutu?"

Simiyu alivuta kiti. Akakaa chini na kuushikilia upande wa pili wa karatasi usijikunje.

Agnès alipiga mstari mpya. Sentimita sita ilikuwa kilomita tatu. Chaki ilipita juu ya mtaa wa Bertrams, ikashuka katikati ya jiji, ikavuka barabara za mabasi, ikazunguka nyuma ya ofisi ya vibali na kurudi. Hakuinua mkono hata mara moja.

Jumatatu jiwe jeupe lilikuwa limesogea. Lilisimama sasa ukutani nyuma ya ofisi ya vibali, kati ya jenereta na ndoo za taka, kwa hiyo jengo lote lilikuwa ndani ya nafasi ya mshono. Wasimamizi walituma barua kwa idara ya majengo. Idara ikajibu kwamba jiwe haliko katika orodha yake ya mali na kwa hiyo haliwezi kuondolewa. Ruphin aliwaambia wanaoingia kwa mlango wa nyuma waangalie miguu.

Wiki iliyofuata, tarehe ishirini na saba Machi, siku ya kumi na nne, Sagesse alifika ofisini kama amri ilivyosema. Alivaa sketi ya shule na hakubeba sanduku. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Wengi walikuwa wamekuja kwa mara ya nne, wengine ya tisa. Mzee mmoja wa Bujumbura alikuwa akija kwa mara ya thelathini na mbili na alikuwa na leso maalumu ya kukalia ukingo wa barabara.

Siku hiyo mzee hakuihitaji leso. Saa mbili na nusu milango ilipofunguliwa, viti vilikuwa vimepangwa ndani, vya mbao, vimepakwa rangi ya kijani ya Luzeni. Kila aliyekuja kwa mara ya nne au zaidi alipata kiti chake, na wa mara ya kwanza walisimama nyuma yao bila kugombana. Na nyuma ya vioo vyote sita maafisa walisimama, kama sheria ya foleni ya Luzeni ilivyotaka. Walikuwa wamejaribu kukaa na hawakuweza, magoti hayakukunjika. Dada wa dirisha la pili alivua viatu vya kisigino, akaendelea na kazi.

Sagesse alikaa mbele ya dirisha la nne. Mama yake akakaa pembeni yake.

"Siku zako zimeisha," afisa alisema kutoka juu. "Umeondoka?"

"Tazama."

Afisa alitazama kwenye kompyuta. Jengo lilikuwa ndani ya mpaka wa Luzeni, na msichana alikuwa ndani ya jengo. Aliandika *Amerejea nchini kwake*, akagonga muhuri, na amri ikafungwa.

"Sasa namba yangu," Sagesse alisema. "Hapa ni pande zote mbili. Upande wako pia. Usajili wa mtihani unafungwa kesho."

Afisa alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Alifungua ukurasa mpya. Kilikuwa kisanduku kilekile. Aliandika Luzeni, kompyuta ikasema mgeni. Akaandika Afrika Kusini. Kompyuta ikadai namba. Akaacha kitupu, kompyuta haikusonga. Alifanya hivyo mara mbili, kwa uangalifu, na kwa haki inabidi isemwe kwamba alijaribu.

"Njoo baada ya miezi sita," alisema.

Kwenye madirisha mengine sauti zilikuwa zikisema vivyo hivyo, kwa utaratibu, juu ya vichwa vya watu waliokaa. Mzee wa Bujumbura aliambiwa miezi sita. Aliitikia kwa kichwa, akakunja nne, na hakuondoka.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, shule ilifunga orodha. Jina la Sagesse halikuwamo.

Sagesse alikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa amekuja tena asubuhi, akiwa na madaftari yake, chupa ya chai na mkate wa spaza, na watu wote wa jana walikuwa wamekuja pia. Agnès alikuwa ameleta kazi yake na alikuwa akitia upindo kwenye sketi za watoto wa watu, akiacha vidole vitatu na zaidi kila moja. Ruphin alikuja kusema kwamba ofisi inafungwa saa kumi.

"Sharp," Sagesse alisema. "Wao wafunge."

"Na weye?"

"Mimi niko nyumbani, tonton. Nimegongewa muhuri."

Ruphin alitazama dirisha la nne. Afisa alikuwa amefunga kompyuta na mkoba wake ulikuwa begani, lakini msichana alikuwa hajainuka, na kwa sheria ya mahali pale afisa hakai kitini wala haondoki mbele ya mtu ambaye hajajibiwa. Kwa hiyo alisimama.

Sagesse alifungua daftari la kumi na tatu, akachonga kalamu, akaandika tarehe. Kisha akainua macho kwenye kioo.

"Jina lako nani?" aliuliza. "Na ulipozaliwa, mvua ilikuwa inanyesha?"